Kuamua Bila Uhakika: Taaluma Iliyokulia Mashambani Kagera

Uchunguzi wa maamuzi yanayofanywa kwenye hatari na mashaka ni tawi la elimu linalokaa kati ya uchumi, saikolojia na takwimu. Wanaolisomea hutumia maisha yao ya kazi kutafuta jibu la swali moja: mtu afanye nini, na kwa kweli hufanya nini, anapolazimika kuchagua leo jambo ambalo matokeo yake yatajulikana kesho? Mkulima wa Biharamulo hukutana na swali hilo kila vuli inapokaribia. Akipanda pamba, au mahindi ya mbegu ya dukani, na mvua ikanyesha vizuri, atashika fedha. Mvua ikikatika katikati ya msimu, mbegu, mbolea na nguvu zake zimekwenda. Akipanda muhogo atauza kwa bei ndogo, lakini muhogo unavumilia ukame, na ukishakomaa unaweza kuachwa ardhini miezi mingi ukisubiri siku ya shida. Kwa jirani yake wa Ngara, kwenye vilima vya migomba, kahawa na maharage, mazao ni mengine ila swali ni lile lile.

Mkoa wa Kagera, pamoja na wilaya zake hizi mbili za kusini, ni miongoni mwa maeneo ya Afrika ambako maisha ya kaya za kawaida na maamuzi yao yamefuatiliwa kwa muda mrefu zaidi. Wasomi wamejenga majina yao juu ya majibu yaliyotolewa na wanakijiji wa huko, ilhali wanakijiji wenyewe mara chache wameelezwa majibu yao yalifundisha nini.

Mizizi ya taaluma hii iko mbali na Kagera. Mwaka 1738 mwanahisabati Daniel Bernoulli alieleza kwamba thamani ya fedha kwa mtu hutegemea kile alichonacho tayari. Shilingi elfu kumi kwa kibarua anayelipwa kwa siku na shilingi elfu kumi kwa mwenye lori ni noti ile ile, lakini si fedha ile ile. Ndiyo maana maskini anayekataa kubahatisha hana sababu ya kuitwa mwoga, kwa kuwa kile anachoweza kupoteza kina uzito mkubwa zaidi kwake. Mwaka 1944 John von Neumann na Oskar Morgenstern waliligeuza wazo hilo kuwa kanuni kamili za hesabu. Baadaye wakaja waliozijaribu kanuni hizo kwa watu halisi, wakaziona zikivunjwa: Maurice Allais mwaka 1953, Daniel Ellsberg mwaka 1961, kisha wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky, ambao mwaka 1979 walionyesha kwamba uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi kile kile. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Tversky alikuwa amefariki mwaka 1996.

Kati ya wote hao, anayewafaa zaidi wasomaji wa wilaya hizi mbili ni Mmarekani Frank Knight, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1921. Knight alitenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna hatari inayohesabika: mwenye kumbukumbu za mvua za miaka arobaini anaweza kusema ni misimu mingapi katika kumi huwa mibaya. Na kuna mashaka yasiyo na hesabu, kwa sababu jambo lenyewe halijawahi kutokea hapo, au limetokea mara moja tu. Mfano wa aina hii ya pili uko Kabanga, Ngara. Nikeli ya huko inajulikana tangu miaka ya 1970. Kampuni zimekuja na kuondoka, leseni zimebadilishwa mikono, hadi Januari 2021 Serikali iliposaini mkataba ulioizaa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Katika muda wote huo, mwenye shamba jirani na eneo hilo amelazimika kuamua: apande mibuni, ambayo huchukua miaka kama mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri, au aache? Ajenge nyumba ya tofali za kuchoma, au akae kwenye ya udongo kwa kuwa huenda atahamishwa? Hakuna daftari la takwimu linaloweza kumwambia ni lini mgodi ambao haujawahi kuwapo utafunguliwa.

Ili kupima mambo haya, watafiti wana njia kuu mbili. Ya kwanza ni mchezo wa fedha halisi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Hans Binswanger aliuchezesha kwa wakulima wa vijijini India, na hadi leo wengi hufuata nyayo zake. Mkulima huwekewa machaguo kadhaa, kisha sarafu hurushwa. Chaguo la kwanza humpa rupia 50 kwa vyovyote vile. La pili humpa 45 au 95. La tatu ni 40 au 120, na kuendelea, hadi la mwisho: 0 au 200. Kadiri anavyoshuka kwenye orodha, wastani wa anachoweza kupata unapanda au kubaki palepale, na shimo la kutumbukia linazidi kuwa refu. Rupia 50 kwa kibarua wa India ya wakati ule zilikuwa ujira wa siku nyingi, hivyo hakuna aliyejibu kwa mzaha.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Fedha zilipokuwa nyingi, wakulima karibu wote walichagua machaguo ya katikati, wenye mali na wasio na mali, kwa namna inayofanana sana. Maana yake ni nzito: ikiwa mkulima tajiri analima zao la biashara na maskini halimi, tofauti haiko moyoni mwao. Iko kwenye akiba, mkopo na mifugo waliyonayo.

Jambo hilo lilipata ushahidi karibu na Biharamulo, katika vijiji vya mkoa wa Shinyanga, ambao wakati wa utafiti ulikuwa jirani. Mchumi Mbelgiji Stefan Dercon, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford na mchumi mkuu wa wizara ya misaada ya Uingereza, alianza kazi yake ya kitaaluma akichunguza Tanzania na Ethiopia. Katika makala yake ya mwaka 1996 alionyesha kwamba kaya za Shinyanga zisizo na ng'ombe wala akiba nyingine ya kuuza haraka hulima zaidi viazi vitamu, zao lisiloangusha mtu lakini lisilompandisha. Mchanganyiko wa mazao wa kaya tajiri zaidi ulileta kipato cha takriban robo zaidi kwa kila mtu mzima kuliko ule wa kaya maskini zaidi. Tahadhari ya maskini ina akili ndani yake, lakini ina gharama, na gharama hiyo hulipwa kila msimu, hata mwaka ambao mvua haikukatika.

Njia ya pili ya utafiti ni kufuatilia watu wale wale kwa miaka mingi, na hapo ndipo Kagera inapoingia kwa uzito. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani humo. Kufikia mwisho wa muongo ule vifo vya watu wazima vilikuwa vimezidi, na swali likawa: kaya hufanya nini inapompoteza baba au mama anayeilisha? Kati ya 1991 na mwanzoni mwa 1994, Benki ya Dunia na wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo wa Muhimbili, waliendesha utafiti wa afya na maendeleo wa Kagera. Zaidi ya kaya 900 zilichaguliwa katika wilaya zote za mkoa wa wakati ule, Ngara na Biharamulo zikiwamo. Biharamulo ya siku hizo ilikuwa kubwa kuliko ya leo, kwa maana Chato ilikuwa bado sehemu yake. Wadadisi walizirudia kaya hizo hadi mara nne, kila baada ya miezi sita au saba.

Dodoso lilikuwa refu mno. Liliuliza nani alikula na nani alilala ndani ya nyumba, shamba lina ukubwa gani, kuku wangapi wameuzwa, fedha zilizotumwa na ndugu ni kiasi gani, nani aliugua na alipelekwa wapi, mtoto alifanya kazi saa ngapi wiki iliyopita. Watu walipimwa urefu na uzito. Kwa mwenye nyumba, hayo ni maswali ya kuchosha, na mengine yanaingia ndani kuliko adabu inavyoruhusu. Kwa mtafiti, jibu la mwaka 1991 likiwekwa kando ya jibu la mwaka 1993 huonyesha kitu ambacho mazungumzo ya siku moja hayawezi kamwe kukionyesha: kaya iliyopatwa na pigo ilichagua nini.

Mwaka 2004 zikafanyika juhudi ambazo katika fani hii bado zinatajwa kwa heshima. Badala ya kurudi kwenye nyumba zile zile tu, watafiti wakiongozwa na Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Dercon waliamua kumtafuta kila mtu aliyekuwa kwenye orodha ya zamani, popote alipo. Kazi ya uwandani ilifanywa na kampuni ya utafiti ya EDI, iliyokuwa na makao Bukoba wakati huo. Msichana aliyehesabiwa akiwa mtoto Biharamulo huenda sasa ameolewa Mwanza. Kijana wa Ngara huenda anauza duka Dar es Salaam, na mwingine amevuka kwenda Uganda. Wadadisi waliuliza wazazi, majirani na wenyeviti wa vitongoji, wakafuata majibu. Angalau mtu mmoja alipatikana kutoka asilimia 93 ya kaya za awali, na zile kaya 900 na ushee zilikuwa zimezaa zaidi ya 2,700. Mwaka 2010 walirudi tena.

Kutokana na kuwafuatilia watu wa Kagera namna hii yametoka mafunzo mengi. Moja linahusu watoto. Beegle, Rajeev Dehejia na Roberta Gatti walitazama kaya zilizopoteza mazao kwa wadudu, panya au moto. Walikuta kwamba baada ya hasara hiyo watoto walifanya kazi saa nyingi zaidi, lakini kaya zenye mali zilipunguza mzigo huo kwa kiasi kikubwa. Baiskeli na redio, vitu vinavyoonekana kuwa vya starehe, vilikuwa pia ngao, kwa kuwa vinaweza kuuzwa au kuwekwa rehani. Mzazi anayemtoa mtoto shuleni msimu mbaya huwa hajaidharau elimu. Ameishiwa na vitu vingine vya kutoa.

Fundisho la pili lilitoka kijiji cha Nyakatoke, upande wa Bukoba, ambako De Weerdt alizihoji kaya zote 119 mwaka 2000 akiuliza kila moja inamtegemea nani siku ya shida. Yeye na Dercon walitazama kinachotokea mtu akiugua. Chakula cha kaya ya mgonjwa hakikupungua: jirani na ndugu walijaza pengo. Matumizi mengine, ya mavazi, shule na mahitaji ya nyumbani, hayakupata kinga hiyo. Vikundi vya kuzikana na mitandao ya ujirani, ambavyo vipo pia Ngara na Biharamulo kama ilivyo Tanzania nzima, ni bima ya kweli, ila ni bima yenye mipaka, na hulegea pale pigo linapokiangukia kijiji kizima kwa wakati mmoja. Mvua ikikosa, imekosa kwa wote.

La tatu ndilo maarufu zaidi. Kati ya 1991 na 2004, ukuaji wa matumizi ya waliohama vijiji vyao ulizidi ule wa ndugu waliokulia nao nyumba moja wakabaki, kwa pointi 36 za asilimia. Pengo hilo ni kubwa kiasi cha kuzua swali gumu: kama kuondoka kuna faida hivyo, mbona wengi wamebaki? Jibu la taaluma hii ni kwamba faida ya wastani haimlindi mtu mmoja. Anayepanda basi Nyakanazi, Biharamulo, kwenda mjini haendi kuishi wastani. Huenda akawa yule anayekosa kazi, na kwa kuondoka ameacha shamba, vikundi na jirani wa kumwazima chakula. Kubaki kuna bei yake, na wengi huilipa kwa kujua.

Kabla ya hayo, historia ilikuwa imefanya jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulipanga. Tarehe 28 Aprili 1994, miezi michache tu baada ya awamu za mwanzo za utafiti kukamilika, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya saa 24. Kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani, na wenyeji wa wilaya wakawa wachache kuliko wageni wao. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wametangulia kuja baada ya mauaji ya Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao. Kwa kuwa hali ya kaya za Kagera kabla ya ujio huo ilikuwa imeandikwa, wachumi waliweza kulinganisha kabla na baada. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp waliona kwamba wenye mashamba yao walipata wanunuzi wengi na vibarua wa bei nafuu, wakati wenyeji walioishi kwa kibarua cha shamba walibanwa na ushindani na bei za juu. Javier Baez aliona madhara kwa afya na ukuaji wa watoto wadogo wa maeneo hayo. Miaka baadaye, Maystadt na Gilles Duranton walikuta kaya zilizokuwa karibu na kambi zikiwa na hali bora kuliko ilivyotazamiwa, hasa kwa sababu ya barabara zilizoboreshwa. Tukio moja, na kila mmoja kwa nafasi yake alivuna kitu tofauti.

Mashaka ya aina ya Knight yalirudi miaka thelathini baadaye, safari hii Biharamulo. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana katika mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg aliugua tarehe 9 Desemba 2024. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kuna wagonjwa wanaoshukiwa. Wizara ya Afya ikaeleza kwamba hadi tarehe 15 sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha mgonjwa mmoja.

Siku hizo sita zimebeba karibu kila kitu ambacho taaluma hii huchunguza. Homa inayoingia zahanati yoyote ya Kagera mara nyingi ni malaria au ugonjwa mwingine wa kawaida, na Marburg siku zake za kwanza hufanana nayo. Muuguzi anayefikiria malaria anafuata uwezekano ulio mkubwa, na hesabu yake ni sahihi. Lakini uwezekano ni nusu tu ya uamuzi. Nusu nyingine ni gharama ya kukosea. Kumvalia mgonjwa wa malaria mavazi ya kinga kunapoteza glavu na muda. Kumhudumia mgonjwa wa Marburg bila kinga kunaweza kuua mhudumu na familia yake. Pale ambapo makosa mawili hayalingani kwa uzito, nadharia inamwelekeza mtu achukue hatua hata kama uwezekano ni mdogo. Familia nayo iliamua kwenye giza hilo hilo: nani amuuguze mgonjwa, mwili uoshwe kama desturi inavyotaka au uachwe kwa wahudumu. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, ukiwa na wagonjwa kumi, wawili waliothibitishwa na maabara na wanane waliohesabiwa kwa dalili na mahusiano. Wote kumi walifariki. Hata tangazo la kumalizika lilikuwa uamuzi wa aina hii: siku 42 zinazosubiriwa ni mara mbili ya siku 21 ambazo virusi vinaweza kujificha mwilini, kiasi kilichochaguliwa ili nafasi ya kukosea iwe ndogo, kwa kuwa haiwezi kuwa sifuri.

Anayetaka kuifanya kazi hii huanza na shahada ya uchumi, takwimu, saikolojia au uchumi wa kilimo. Nchini hufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Sokoine, Morogoro, miongoni mwa vingine. Hufuata uzamili na uzamivu, na kwa wachumi wa Afrika muungano wa utafiti wa AERC, ulioanzishwa Nairobi mwaka 1988, umewapitisha wengi. Hisabati haikwepeki, lakini siyo inayowashinda wengi. Kinachoshinda ni subira. Kibali cha utafiti hutafutwa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), barua hupita halmashauri, kata na kijiji, dodoso hufasiriwa na kujaribiwa, na swali lililoeleweka vizuri kwa Kiswahili mjini linaweza kuhitaji kuelezwa upya kwa Kihangaza au Kisubi. Swali la uwezekano ndilo gumu kuliko yote, kwa hiyo baadhi ya watafiti humpa mhojiwa maharage kumi na kumwomba agawe: mangapi kwa msimu mzuri, mangapi kwa mbaya. Kati ya swali la kwanza na makala iliyochapishwa miaka mitano hupita kwa urahisi.

Upungufu mkubwa ni kwamba majina mengi kwenye makala hizi ni ya wageni, na makala zenyewe ziko kwa Kiingereza kwenye majarida ambayo ofisi ya kilimo ya wilaya haiyapati. Hilo halipaswi kuendelea. Takwimu za Kagera za kuanzia 1991 hadi 2010, majina ya watu yakiwa yameondolewa, hutolewa bure na Benki ya Dunia kwa yeyote mwenye intaneti, pamoja na madodoso yake. Mwanafunzi wa Ngara au Biharamulo anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuzipakua leo hii, akaanza na wilaya yake mwenyewe.